Bodi na Vitufe Ndani ya Kasha la Kujiundia: Nasaha kwa Mafundi wa Nyumbani

Wasomaji wengi, wa mijini na wa mashamba, wamekuwa wakiniuliza jambo lile lile kwa maneno mbalimbali: mmoja ameunda taa ya betri, wa pili spika ndogo, wa tatu chaja ya simu kwa seli alizozitoa katika betri ya kompyuta kuukuu, na kila mmoja wao asema kwamba kifaa chake kilikuwa kizima kabisa kilipokuwa wazi juu ya meza, walakini tangu kutiwa ndani ya kasha hakikumaliza mwezi kabla ya kitufe kuzama ndani, au tundu la kuchajia kung'oka pamoja na ukanda wa shaba uliolishikilia, au bodi kuanza kugonga huku na huku kila kifaa kikitikiswa. Na swali lifuatalo aghalabu ni hili: “Nitumie gundi gani?”

Jawabu langu ni kwamba gundi si mahali pa kuanzia. Kila mara mtu abonyezapo kitufe, achomekapo waya wa kuchajia, azungushapo kidhibiti cha sauti au avutapo waya wa spika, hutia nguvu ya mkono wake ndani ya kifaa, na nguvu hiyo shurti ipate pa kuishia. Ikiwa haikuishia katika ubavu wa kasha, itaishia katika lehemu. Na lehemu ni madini laini, ambayo kazi yake ni kupitisha umeme wala si kubeba mzigo, kama vile mlango ulivyo mzigo wa mwimo na bawaba, wala si wa kitasa. Haya yote nitakayoyaeleza hapa chini yametoka katika asili hiyo moja, nami namsihi msomaji kwamba, kila afikapo mahali asipojua la kufanya, ajiulize kwanza: kidole kikisukuma hapa, ni kitu gani kitakachokizuia?

Vyombo vya kuwa navyo

Hapana haja ya karakana kubwa. Vinavyohitajika ni hivi:

- keekee ya mkono au ya umeme, na biti za milimita 2 hadi 10; biti ya ngazi, ile ipanukayo hatua kwa hatua, ni bora kwa matundu makubwa;
- tupa ndogo bapa na ya mviringo, msasa, na kisu kikali;
- rula ya chuma, au kalipa ukijaliwa;
- panchi ya kutia alama, au msumari ulionolewa;
- parafujo za milimita 2, 2.5 na 3, pamoja na nati na washa zake, na baadhi ya washa hizo ziwe za plastiki au nailoni;
- viguzo vifupi vyenye hesi, vya shaba ya manjano au vya nailoni, vya kuinulia bodi;
- mita ya kupimia umeme.

Hiyo ya mwisho ndiyo watu waiachayo kwa kuhofia gharama, nami nasema bila kusita kwamba afadhali ukose keekee, utoboe kwa chuma cha moto, kuliko kufunga kasha lenye betri ya lithiamu bila ya kulipima.

Kasha lifuate bodi

Kosa la kwanza, na ndilo mama wa mengi, ni kununua kasha kwa kuwa limependeza, kisha kuvishindilia vitu ndani yake. Fanya kinyume chake. Vipange vitu vyako vyote juu ya karatasi kama vitakavyokaa, yaani betri, bodi, vitufe, tundu la kuchajia na mahali pa kupitia nyaya. Acha nafasi ya kidole kati ya betri na bodi ipatayo joto. Chora mpaka kuvizunguka. Kisha ndipo uende dukani na karatasi yako. Usisahau kimo. Seli ya aina ya 18650, ambayo ndiyo wengi wenu muitumiayo, ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ile iliyotiwa bodi ndogo ya ulinzi mkiani huzidi urefu huo kwa milimita chache, hata ikakataa kuingia katika kikalio kilichopimwa kwa ile ya kawaida. Bodi nayo aghalabu ina unene wa milimita 1.6, lakini miguu ya vitu vilivyolehemiwa hutokeza chini yake, kwa hiyo hesabu milimita 3 hadi 5 za nafasi tupu chini ya bodi.

Kuhusu kitu cha kasha lenyewe, nina maoni yangu. Visanduku vya plastiki vitumiwavyo na mafundi umeme kuungia nyaya ukutani ni rahisi, vyapatikana kila duka la vifaa, hukatika kwa kisu na havipitishi umeme. Kwa anayeanza, sioni kilicho bora zaidi. Mbao kama mninga au mkangazi hupendeza na hushika parafujo vizuri, ila kwa walioko pwani yafaa zipakwe vanishi ndani na nje, maana hewa ya chumvi na unyevu huzivimbisha, na tundu lililokuwa sawa wakati wa kaskazi hubana kitufe wakati wa masika. Alumini ni imara na hutawanya joto, lakini yapitisha umeme, na kila kigusacho ukuta wake chagusana na kila kingine kiugusacho. Makasha yachapwayo kwa mashine kwa plastiki ya PLA yameenea siku hizi. Walakini plastiki hiyo huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na ndani ya gari lililofungwa vioo juani joto laweza kufika hapo bila ya taabu.

Kupima na kutoboa

Usipime moja kwa moja juu ya kasha. Chukua karatasi ngumu, iweke bodi juu yake, chora mpaka wake na vitovu vya matundu yake kwa kalamu iliyochongoka, kisha ikate na kuijaribu ndani ya kasha. Karatasi ikikosewa hutupwa. Kasha likikosewa limekwisha. Ukisharidhika, bandika utepe wa karatasi juu ya uso wa kasha, hamishia alama zako juu ya utepe huo, tia kidimbwi kwa panchi kila kitovu, na uanze kutoboa kwa biti ya milimita 2 kabla ya kupanua. Utepe huizuia biti isiteleze, na huulinda uso usikwaruzwe.

Vipimo vya kukumbuka ni hivi:

- parafujo ya milimita 2 hupita kwa ulegevu katika tundu la 2.2 hadi 2.4, na ukitaka kuikatia hesi katika chuma, toboa 1.6;
- parafujo ya milimita 2.5 hupita katika 2.7 hadi 2.9;
- parafujo ya milimita 3 hupita katika 3.2 hadi 3.4, na kwa kukata hesi, toboa 2.5;
- kidhibiti cha sauti cha kawaida chenye mhimili wa milimita 6 hutaka tundu la 7;
- kitufe cha kufungwa kwa nati aghalabu hutaka 12 au 16, lakini pima hesi yake wewe mwenyewe, usiamini maandishi ya pakiti.

Plastiki ngumu na angavu, ile ifananayo na kioo, hupasuka ikitobolewa kwa haraka. Weka kipande cha mbao nyuma yake, tumia mwendo wa polepole, na usisukume. Baada ya kutoboa, ondoa vinyuzi na ncha kali pande zote mbili za tundu. Jambo hili huonekana kuwa la urembo, ila katika kasha la alumini ncha moja kali yatosha kukata ngozi ya waya na kuleta moto.

Bodi yenye matundu yake

Hii ni kazi nyepesi, wala sitaidawamia. Tia kiguzo chini ya kila tundu, weka bodi, tia washa, kaza parafujo kwa vidole na kisha robo ya mzunguko kwa bisibisi. Hadhari mbili tu. Kwanza, iangalie shaba iliyo kandokando ya tundu: ikiwa mkondo wapita karibu, tumia washa ya nailoni, kwa kuwa kichwa cha parafujo ni kipana kuliko kinavyodhaniwa. Pili, ikiwa viguzo vinne havikulingana kimo, usiishurutishe bodi iiname ili ivifikie vyote. Ongeza washa chini ya kiguzo kifupi, au kiache kile cha nne bila parafujo. Bodi iliyofungwa huku imepinda hupasua vitu vyake vidogo vya kauri kimyakimya, na kosa lake hulioni ila baada ya majuma.

Bodi isiyo na matundu

Hapa ndipo penye taabu, na ndipo barua zenu zinapotoka. Bodi ndogo za kuchajia, kama ile mashuhuri ya TP4056 iuzwayo kwa bei ya chai na mandazi, nyingi hazina tundu hata moja la parafujo, ilhali zina tundu la kuchajia ambalo mtu atalisukuma na kulivuta kila siku. Mtu huipaka gundi ya moto mgongoni, huibandika, hufurahi; nayo bodi ikipata joto la kuchaji gundi hulainika, waya unaochomekwa huisukuma bodi ndani, na mara huna njia ya kuchajia tena.

Mwaniuliza: “Je, gundi ya moto haina kazi kabisa?” Inayo: kuzuia waya usicheze, au kushikilia kitu kisichosukumwa wala kisichopata moto. Lakini kwa bodi isukumwayo, fuata mojawapo ya njia hizi, ambazo nimezipanga kwa kadiri nizipendavyo.

1. Kiegemeo nyuma ya bodi. Pachika kipande cha mbao au plastiki nene kwenye sakafu ya kasha, kwa parafujo, kikiugusa mkia wa bodi barabara, ili waya ukisukumwa ndani bodi iegemee kipande hicho. Nguvu ya kuvuta nayo huzuiwa na ukuta wa mbele, maana tundu ulilokata ni la mdomo wa chuma tu, na ukingo wa bodi hauwezi kupita hapo. Ikiisha kubanwa mbele na nyuma, bodi yahitaji tu kizuizi chepesi juu yake isiinuke.

2. Mfereji. Chonga mifereji miwili inayoelekeana katika vipande viwili vya mbao, upana wa milimita 1.7 au 1.8, na utelezeshe bodi ndani yake kama droo. Angalia tu kwamba kingo za bodi hazina vitu vilivyolehemiwa karibu.

3. Bodi ya kubebea. Kata kipande cha ubao wa matundu wa kufanyia majaribio ya umeme, kikubwa kidogo kuliko bodi yako, ilehemu bodi juu yake kwa vipande vya waya mgumu vipitavyo katika matundu ya kuungia nyaya, kisha uifunge bodi hiyo kubwa kwa parafujo za milimita 3. Njia hii yafaa ukiwa na bodi mbili tatu ndogo ambazo wataka zikae pamoja. Ila kwa bodi yenye tundu la kuchajia usiache kiegemeo cha nyuma, ama sivyo umerudi kuibebesha lehemu mzigo.

4. Kibanio. Ukanda wa plastiki unaopita juu ya bodi, mahali pasipo na kitu, na kufungwa kwa parafujo pande mbili.

Ukiona lazima utumie gundi, basi ijue tabia yake. Ile ya sehemu mbili zichanganywazo, epoksi, ni imara, lakini ukishaitia hutaitoa bodi ikiwa nzima. Ile ya kukauka papo hapo ina mvuke unaoacha ukungu mweupe, na majimaji yake hupenya katika kila mwanya. Ikiwa karibu na kitufe huingia ndani yake na kukigandisha. Silikoni ya kuzibia madirisha yenye harufu ya siki iepuke kabisa karibu na shaba, kwani asidi yake huitafuna. Iko silikoni nyingine isiyo na harufu hiyo, nayo ndiyo ya kutumia.

Vitufe

Vitufe ni vya namna mbili, na asiyezitofautisha huchosha nafsi yake bure.

Namna ya kwanza ni kile chenye shingo ya hesi na nati, kinachopenya ukuta wa kasha na kukazwa kwa ndani. Hiki kimeshajibu swali letu: kidole chasukuma, ukuta wazuia. Kazi yako ni kutoboa tundu sawasawa, kutia washa yenye meno ili kisizunguke, na kulehemu nyaya kabla ya kukipachika ikiwa nafasi ya ndani ni finyu. Kama ukuta ni wa mbao nene, hesi haitafika upande wa pili. Chimba kidimbwi kwa patasi upande wa ndani mpaka ubaki unene wa milimita 3 au 4.

Kidhibiti cha sauti ni ndugu wa kitufe hiki. Kina kijino kidogo cha chuma kando ya shingo, ambacho wengi hukikata kwa koleo kwa sababu kinazuia kidhibiti kisilale bapa ukutani. Usikikate. Kitobolee tundu lake dogo upande wa ndani, kwa sababu hicho ndicho kikizuiacho kidhibiti kisizunguke chote pamoja na nyaya zake pindi mtu azungushapo sauti mpaka mwisho.

Namna ya pili ni vile vitufe vidogo vya miguu minne, milimita 6 kwa 6, vilivyolehemiwa juu ya bodi. Hivi havina shingo wala nati. Vimesimama juu ya bodi, na bodi imesimama juu ya nini? Hilo ndilo suala zima. Kitufe kikiwa katikati ya bodi ndefu iliyofungwa pembeni tu, kila mbonyezo huipinda bodi, na baada ya mibonyezo ya kutosha lehemu hupata ufa mwembamba usioonekana kwa jicho. Kwa hiyo:

- Tia kiguzo au kipande cha plastiki nyuma ya bodi, mkabala wa kitufe, kikigusa bila kusukuma. Kata kwanza ncha za miguu ya vitu upande huo, na kiwe cha kitu kisichopitisha umeme.
- Acha mwanya kati ya kichwa cha kitufe na kofia uliyoiundia. Mwendo wa kitufe hiki wote ni takriban robo ya milimita. Kofia ikikaa imekigusa kwa nguvu, kifuniko kikikazwa kitufe hubaki kimebonyezwa daima, na fundi huhangaika na bodi nzima isiyo na kosa. Mwanya wa milimita 0.3 hadi 0.5 watosha.
- Kofia iwe na ukingo mpana upande wa ndani, mkubwa kuliko tundu, ili isidondoke nje. Kipande cha mwili wa kalamu ya plastiki, kilichopanuliwa ncha moja kwa kukigandamiza juu ya chuma chenye moto, hufanya kofia nzuri.
- Tundu la kofia lizidi kofia kwa nusu milimita. Likizidi zaidi kofia hukwama kwa kulala upande.
- Ukingo wa kofia ufikie ukuta wa kasha, au kizuizi ulichokiweka, mara tu kitufe kilipokwisha kulia. Mtoto akisukuma kwa gumba lake lote, nguvu iliyozidi iishie hapo.

Vitufe hivi huuzwa kwa vimo vingi, kuanzia kama milimita 4.3 hadi kupita 10. Mara nyingi ni rahisi zaidi kubadilisha kitufe kwa kirefu kuliko kuunda kofia yenye shingo ndefu.

Kuhusu miguu minne, msibabaike: iko miwili miwili, na kila jozi imeungwa ndani tangu kiwandani. Ukilehemu nyaya mbili katika jozi moja, kifaa kitakuwa kimewaka siku zote. Ipime kwa mita, au uchague miguu ya pembe mbili zinazokabiliana kwa mshazari, nawe hutakosea.

Na jambo la mwisho kuhusu vitufe, ambalo ni la hatari kuliko yote: kitufe kidogo cha namna hii kwa kawaida kimepewa uwezo wa miliampea 50 tu. Taa inywayo ampea nzima ni mara 20 ya hapo. Kitufe kama hicho kitoe amri tu kwa bodi au kwa transista ya mosfeti, nayo ndiyo ibebe mkondo. Msomaji atakayesema, “Mimi nimekiunga moja kwa moja na kimewaka,” nami namwambia kwamba kitawaka, mpaka ndimi zake za ndani zitakaposhikana kwa moto. Na hapo taa haitazimika hata ukikibonyeza.

Betri, joto, na kugusana

Seli ya 18650 yaonekana kana kwamba hasi iko chini na chanya iko juu, na mwili wake ni ganda tu. Sivyo. Mwili wote wa chuma ni hasi, hata ile pete ya bega inayokizunguka kichwa cha chanya. Kinachozitenga ni ngozi nyembamba ya plastiki na duara ya karatasi. Kwa hiyo kila seli uliyoitoa katika kompyuta kuukuu, ikaguliwe ngozi yake. Iliyochanika ivishwe nyingine, na duara ya karatasi itiwe upya kichwani. Usiilehemu seli moja kwa moja, kwani moto huharibu viungo vyake vya ndani. Tumia kikalio chenye springi, au seli iliyotiwa ndimi za nikeli tangu mwanzo. Andika alama za chanya na hasi ndani ya kasha kwa rangi isiyofutika, maana atakayebadilisha betri baada ya mwaka huenda si wewe.

Bodi ya TP4056 huchaji kwa ampea 1 kama ilivyotoka kiwandani, na yote isiyohitajiwa na betri hugeuzwa kuwa moto: betri ikiwa imeshuka karibu volti 3, na umeme wa kuingia ni volti 5, wati 2 zaishia katika kipande kisichozidi ukucha. Katika kasha lililozibwa hilo ni joto kubwa. Iwekwe mbali na seli, uso wake usifunikwe kwa gundi wala utepe, na matundu machache ya hewa yatobolewe chini na juu. Anayejua kulehemu vitu vidogo aweza kukibadilisha kile kipingamizi chake cha kiloomu 1.2 kwa cha kiloomu 2, na mkondo utashuka hadi karibu miliampea 580. Betri itachelewa kujaa, lakini kasha litabaki la uvuguvugu tu.

Usilizibe kabisa kasha lenye seli ya lithiamu. Seli iliyopata madhara hutoa hewa ya moto kwa nguvu, na kasha lisilo na mwanya huigeuza hewa hiyo kuwa baruti.

Nyaya nazo zishikwe. Kila waya utokao nje ya kasha, kama ule wa spika, ufungwe fundo au ukanda wa plastiki upande wa ndani, karibu na tundu, ili avutaye avute kasha. Na wenye kutumia kikuza sauti kidogo cha PAM8403, ambacho kimeenea mno, wakumbuke kwamba hasi ya spika katika bodi hiyo si hasi ya betri. Katika kasha la alumini, waya huo ukigusa ukuta ulioungwa na hasi, bodi yaweza kuungua.

Wanaounda sigara za umeme

Wapo pia wanaoniuliza kuhusu makasha ya sigara za umeme. Kwanza sheria: nchini Uganda Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 imeviharimisha vifaa hivi, kuviingiza, kuviunda na kuviuza, basi mwenye kuishi huko asiendelee kusoma sehemu hii. Mimi mwenyewe nasema waziwazi kwamba napenda zaidi kuona mikono hiyo ikiunda taa, kwa kuwa nikotini humfanya mtu mtumwa. Lakini atakayeunda, na aunde pasipo kujiunguza, na hadhari zake ni kali kuliko za taa.

- Kiungio cha juu, chenye hesi ya milimita 7 na mwendo wa nusu milimita, huzungushwa kwa mkono kila siku. Kifungwe kwa nati pana iliyozuiwa isizunguke, ama sivyo nyaya zake zitasokotwa mpaka zikatike au zigusane.
- Majimaji huvuja kutoka kiungio hicho. Bodi isikae chini yake moja kwa moja. Ikibidi, tenga kwa ukuta.
- Koili ya omu 0.2 juu ya seli iliyojaa, volti 4.2, huvuta ampea 21. Seli za kompyuta kuukuu hazikuundwa kwa mkondo huo, wala nyaya nyembamba haziuwezi.
- Kitufe kizame kidogo ndani ya uso wa kasha, au kizungushiwe ukingo, kisije kikabonyezwa na funguo mfukoni. Haya si mambo ya kubahatisha: koili iliyowaka mfukoni huanza kuunguza nguo kabla mtu hajajua kinachotokea.
- Usitumie kitufe kibebacho mkondo wote bila ya bodi yenye kinga.

Kabla ya kukaza kifuniko

Pima haya kwa mita, betri ikiwa imetolewa:

1. Kati ya chanya na hasi ya kikalio cha betri, hapana njia ya moja kwa moja.
2. Kati ya ukuta wa kasha la chuma na chanya, hapana njia kabisa.
3. Kila kitufe chafunguka na kufungika, na chalia wazi hata baada ya kifuniko kuwekwa juu bila kukazwa.

Kisha tia betri, chomeka chaja, na uiache mbele ya macho yako juu ya sakafu ya saruji au kigae mpaka ijae, ukiigusa mara kwa mara. Joto la kuweza kuvumiliwa na kiganja ni sawa. Lisilovumilika, chomoa hima na utafute sababu yake. Chomeka na uchomoe waya mara nyingi, ukitazama kwa pembeni iwapo bodi yatikisika hata kidogo. Ikitikisika, rudi kwenye kiegemeo.

Kwa walioko Mombasa, Tanga, Unguja na pwani nyingine, parafujo za nje ziwe za shaba ya manjano au za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu zile za kawaida zitakwama kwa kutu, nawe utalazimika kulivunja kasha ili kubadilisha betri. Na baada ya juma moja la matumizi kifungue kifaa, ukaze tena nati za vitufe na za kidhibiti cha sauti, kwani plastiki na mbao hukubali kubanwa kidogo katika siku za mwanzo, na nati iliyokuwa imekaza huonekana imelegea. Ukiisha kuzikaza mara ya pili, tia tone la rangi ya kucha juu ya hesi, nazo hazitalegea mpaka utakapotaka wewe.